Mtwara hadi Mikindani kwa Kayaki: Hesabu ya Safari Ianzie Mwisho

Watu wengi wakipanga matembezi ya baharini huanza kwa kuulizana waondoke saa ngapi. Kwa chombo kinachokwenda kwa nguvu za mikono, swali hilo huja mwisho. La kwanza ni hili: nitakapofika ninakokwenda, maji yatakuwa yanajaa au yanakupwa, na upepo utakuwa unavuma kutoka wapi? Ukishapata jibu, rudi nyuma saa kwa saa mpaka uifikie saa ya kuamka. Anayepanga hivyo hufika akiwa na nguvu za kubeba chombo chake mpaka mchanga mkavu.

Makala haya yanatumia njia moja kama mfano, ili ushauri usielee hewani. Njia hiyo imo ndani ya Ghuba ya Mikindani, kusini kabisa mwa pwani ya Tanzania, na inaunganisha bandari mbili zisizofanana. Mtwara ina kina cha kupokea meli kubwa, na gati lake lilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, mpango uliokufa mwaka 1951. Leo gati hilo hupakia korosho. Mikindani ni bandari kongwe ya majahazi, mahali alipopita David Livingstone mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara, na ambapo Wajerumani walijenga boma mwaka 1895. Kwa barabara, kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 11. Kwa bahari, lazima utoke kwenye mlango wa bandari moja, ufuate pwani, kisha uingie mlango wa bandari nyingine. Ihesabie kilomita 15, ili hata ukizunguka hapa na pale hesabu isikuvunjikie.

Mwenye kayaki akipiga kafi bila kukimbizana na mtu hukata kilomita 4 au 5 kwa saa. Njia hii basi ni ya saa tatu hadi nne, pamoja na mapumziko. Inatosha asubuhi moja, na haifai kuvutwa hadi alasiri.

Anzia upande gani?

Ukiwa umelala Mikindani, kishawishi ni kuanzia hapo hapo. Kipinge. Pwani yetu ina pepo kuu mbili za msimu. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na katika eneo hili hutoka kusini-mashariki. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, nayo hutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zina mashariki ndani yake. Mtwara iko mashariki mwa ghuba na Mikindani iko magharibi. Anayetoka Mtwara kwenda Mikindani husukumwa mgongoni au ubavuni karibu mwaka mzima, na anayekwenda kinyume hupigwa na upepo usoni, tena wakati ameshachoka. Kwa hiyo chombo kipelekwe Mtwara kwa gari, kirudi Mikindani kwa maji.

Miezi inayofaa zaidi ni Oktoba na Novemba, wakati wa tanga mbili, kusi ikiwa imelegea na kaskazi haijapata nguvu. Mvua za Mtwara ni za msimu mmoja na kwa kawaida hukolea kuanzia Desemba, kwa hiyo miezi hiyo miwili huwa bado na anga safi. Kipindi kingine cha mabadiliko ya upepo ni Aprili, lakini hicho kina mvua za mwisho wa msimu na ndicho kipindi ambacho vimbunga vimewahi kusogea karibu nasi. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kiliitia Mtwara wasiwasi kabla ya kupiga kaskazini mwa Msumbiji, na Hidaya cha Mei 2024 kilifika hadi Mafia. Juni hadi Agosti kusi huwa na nguvu nyingi. Safari inawezekana, ila ni ya mapema sana asubuhi na ni ya watu waliozoea.

Kila siku nayo ina tabia yake. Alfajiri hutoka upepo mwepesi wa nchi kavu, bahari ikawa shwari. Jua likipanda, upepo wa baharini huongezeka, na kuanzia saa tano au saa sita ghuba huanza kuchafuka. Weka lengo la kuwa ndani ya hori la Mikindani kabla ya saa sita mchana. Hilo ndilo fundo la kwanza la hesabu yako.

Saa za maji

Fundo la pili ni maji. Katika pwani hii bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka sana na mikondo hulegea.

Wavuvi hawahitaji jedwali kujua haya, kwa sababu wanafuata tarehe za mwezi mwandamo. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita, na kufikia mwezi 7 au 8, yaani siku ya 7 au ya 8 ya mwezi mwandamo, utakuta maji yanajaa asubuhi kati ya saa tatu na saa nne. Hesabu hiyo inakupa picha. Saa kamili zichukue kwenye jedwali la maji la bandari ya Mtwara la mwaka husika, kisha umuulize mvuvi mmoja pale ufukweni. Majibu yao yakipishana sana, hakikisha hujakosea tarehe.

Kumbuka pia kwamba maji hayatembei kwa kasi moja. Yanaanza polepole, yanakaza katikati, kisha yanalegea tena. Katika saa sita za kupwa, saa ya tatu na ya nne peke yake huondoa karibu nusu ya maji yote. Kwenye mlango mwembamba kama wa Mtwara, saa hizo mbili ndizo zenye mkondo wa kukubeba kama uko upande wake, au wa kukuchosha kama uko kinyume.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza: utafika Mikindani maji yakiwa wapi? Kuna mipango miwili inayofaa.

Mpango wa maji mafu ni wa wanaoanza. Chagua mwezi 7 hadi 9, au 21 hadi 23. Ukiondoka Mtwara saa mbili asubuhi, maji yanakaribia kujaa na mkondo wa mlangoni ni dhaifu. Utaambaa na pwani maji yakiwa yamefunika miamba, na utafika Mikindani kabla ya saa sita ukikuta maji ya kutosha kuteleza hadi ufukweni. Utapigana kidogo na mkondo wa kutoka, lakini hautakushinda.

Mpango wa bamvua ni wa waliokwisha kuijua njia. Chagua mwezi 1 au 2, au 15 na 16. Ukiondoka Mtwara saa mbili asubuhi, maji yanayokupwa yanakutoa nje ya mlango bila jasho. Saa nne hivi yanasimama ukiwa katikati ya safari. Saa tano ukiwa mdomoni mwa hori la Mikindani yameanza kujaa, nayo yanakuingiza ndani. Ni raha kubwa, na ina gharama yake: miamba na nyanda za majani ya bahari ziko wazi, huwezi kukata kona karibu na nchi, na ndani ya hori unaweza kukuta tope mbele ya mchanga. Ukikuta tope, usishuke ukaanza kulikanyaga. Kaa kwenye chombo, kula tende, subiri maji yapande.

Siku za katikati huleta mseto wa mipango hii. Kama hesabu inakuonyesha kwamba utakuwa mlangoni mwa Mtwara maji yakiingia kwa nguvu, au mdomoni mwa Mikindani yakitoka kwa nguvu, badilisha siku.

Njia yenyewe

Usianzie ndani ya eneo la bandari. Gati na maji yaliyo mbele yake yanasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, na si mahali pa kuteremshia kayaki. Anzia ufukwe wanaotumia wavuvi, na siku moja kabla pita ofisi ya bandari uulize mambo mawili: kama kuna meli inayotarajiwa kuingia au kutoka asubuhi hiyo, na kama kuna sehemu zilizofungwa. Jitambulishe pia kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe huo. Wao ndio watu wa kwanza watakaogundua kwamba watu wa kayaki waliopita asubuhi hawajaonekana.

Mlango wa Mtwara una Shangani upande mmoja na rasi ya Msangamkuu upande wa pili. Meli hupita katikati, kwenye njia iliyowekewa maboya, na kivuko cha Msangamkuu hukatiza kikipeleka watu na kurudi. Meli kubwa haiwezi kukukwepa katika mlango mwembamba, na nahodha aliye juu anaweza asikuone kabisa ukiwa chini karibu na omo. Wewe ndiye wa kumpisha. Tembea nje ya mstari wa maboya, kwenye maji mafupi ya upande wa Shangani. Kwa kuwa unaelekea magharibi, huna sababu ya kuvuka njia ya meli hata mara moja. Kivuko kikiwa kinakuja, simama, kiache kipite, kisha endelea. Ukisikia honi tano fupi mfululizo, nahodha anakuambia haelewi unachokusudia. Jitoe haraka.

Mdomoni ndipo pa kuwa macho zaidi. Wakati wa kaskazi, maji yanayotoka hukutana na upepo unaoingia, na mawimbi husimama wima yakawa mafupi na makali. Ukiona hali hiyo, rudi ndani usubiri maji yalegee. Wakati wa kusi hatari ni ya namna nyingine. Upepo na maji vyote vinakusukuma nje, na bahari iliyo karibu na nchi inaonekana tulivu kwa sababu ardhi inaikinga. Ukijiachia, ukishatoka kwenye kinga hiyo upepo unakushika, na kila dakika unakuwa mbali zaidi. Mkondo mkubwa wa nje ya ghuba nao unaelekea kaskazini, kwa hiyo chombo kilichoshindwa hakitarudishwa ufukweni. Mara tu ukimaliza ncha ya Shangani, geuka magharibi na uambae na pwani, mita 300 hadi 500 kutoka nchi, nje kidogo ya mahali mawimbi yanapovunjika.

Katikati ya safari chagua mapema sehemu mbili za kuteremka kwa dharura. Tafuta mchanga usio na mwamba mbele yake, na penye njia ya miguu kuelekea barabara kuu ya Mtwara na Mikindani. Zitazame kwenye picha za setilaiti nyumbani, uziwekee alama kwenye simu, kisha uhakiki kwa macho ukifika. Siku za bamvua utawakuta kina mama wakiokota chaza na kusaka pweza kwenye miamba iliyo wazi, na pengine vigingi na kamba za mashamba ya mwani. Usipitishe chombo juu ya kamba hizo wala usiteremke shambani mwa mtu. Nyavu zilizotegwa zizunguke upande wa nje, na wavuvi wa ngalawa na mitumbwi wapishe, kwani wao wako kazini na wewe uko matembezini.

Mikindani huingiwa kupitia mdomo unaofungua hori pana lenye mikoko. Ukishaingia, upepo hupungua na kazi ngumu imekwisha. Fuata njia zinazotumiwa na mitumbwi ya hapo, maana wenyeji wanajua kina kiko wapi.

Chombo na vya kubeba

Kwa safari hii kayaki ya kukalia juu inatosha, na ndiyo rahisi kuirudia ikipinduka. Ya kuingia ndani ni ya kasi zaidi, lakini inadai ujue kujitoa ukiwa kichwa chini. Ile ya kujaza upepo ya kuchezea hotelini iache hotelini. Wiki moja kabla, nenda kwenye maji ya kufika kifuani, jipindue kwa makusudi, ujifunze kupanda tena bila kusaidiwa, kisha kwa kusaidiwa na mwenzako. Usiyeweza kupanda kwenye maji tulivu, huwezi kupanda kwenye mawimbi.

Jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa tangu mchangani. Likiwekwa nyuma ya kiti ni mzigo tu. Filimbi ifungwe kwenye jaketi. Kafi lifungwe kamba, na kila watu wawili wawe na kafi moja la akiba. Chukua kopo la kuchotea maji, kamba ya mita 10 ya kukokotea, tochi, kisu kidogo, dawa za kidonda na viatu vya kukanyagia mwamba. Simu mbili za mitandao tofauti zikae ndani ya mifuko isiyopitisha maji, zikiwa zimejaa chaji. Namba za dharura ni 112, na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwenye redio ya baharini asikilize chaneli 16.

Jua la ghuba huunguza mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Vaa mikono mirefu, kofia yenye kamba au kilemba, na nguo nyepesi inayokauka haraka. Kwa akina dada wanaovaa hijabu, ile fupi ya michezo ni salama kuliko buibui, ambalo likilowa huvuta chini na kuzonga miguu. Beba lita 3 hadi 4 za maji kwa kila mtu. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja: ndizi, chapati, tende, korosho. Aliyefunga asubiri siku nyingine, kwa sababu saa nne za kafi juani bila maji ni hatari kwake na kwa wenzake.

Watu

Usiende peke yako. Watu watatu ndio idadi nzuri: mmoja akipatwa na tatizo, wa pili anabaki naye na wa tatu anakwenda kutafuta msaada. Mwendo unapangwa na aliye dhaifu kuliko wote, naye akae mbele, asiachwe nyuma akijitahidi kuwafikia. Kila mmoja awe umbali wa kusikia sauti ya mwenzake.

Nchi kavu abaki mtu mwenye karatasi yenye majina yenu, rangi za vyombo, saa ya kuondoka, sehemu mbili za kuteremka kwa dharura, saa ya kufika, na saa ambayo asipopata simu aanze kutafuta msaada. Kama mnatarajia kufika saa sita, saa hiyo iwe saa nane. Mkifika, mpigieni kabla ya kuagiza soda.

Mapatano ya usafiri yafanyike jana yake. Kirikuu moja huweza kubeba kayaki tatu zikifungwa vizuri na kuwekewa magodoro chini. Kubalianeni bei ya kutoka Mikindani hadi Mtwara kabla ya kupakia, na dereva ajue kwamba mnaondoka alfajiri.

Saa ya kukataa

Mpango mzuri una mahali pa kusema hapana. Jioni ya kuamkia safari, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ikitolewa tahadhari ya upepo mkali wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hakuna cha kujadili. Lakini usingoje tahadhari hiyo, kwani imepimwa kwa vyombo vikubwa kuliko chako. Kwa mgeni wa kafi, upepo unaozidi kilomita 20 kwa saa tayari ni mwingi. Dalili yake ni povu jeupe linalotokea hapa na pale juu ya mawimbi. Ukiliona kabla ya kuteremsha chombo, usiteremshe.

Wekeni pia saa ya kugeuka. Kama hamjamaliza ncha ya Shangani kufikia saa tatu, mmechelewa. Teremkeni Shangani, pitisheni asubuhi ufukweni, na mpigieni dereva. Uamuzi huo ufanywe mezani, jana yake, na uandikwe, kwa sababu mtu akishakuwa majini huona aibu kuwa wa kwanza kusema turudi. Ikiwa umeshaandikwa, hakuna wa kuona aibu.

Hesabu hizi zinafaa pia kwingine, iwe ni Kilwa, Pangani, Tanga au Lamu. Majina ya rasi yatabadilika na saa za maji zitasogea kidogo, lakini mpangilio ni ule ule: mahali pa kufika, maji, upepo, njia, kisha saa ya kuondoka. Chukua kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo, zungushia siku tatu za maji mafu katika Oktoba ijayo, na uwaulize wenzako ni ipi wana nafasi. Kama hakuna hata moja inayokubaliana na hesabu, ahirisha hadi mwezi unaofuata.